Kompyuta Ndogo ya Mezani: Je, Yafaa kwa Kazi ya Sauti na kwa Wasioona?

Katika enzi ya tepurekoda, fundi wa sauti asiyeona hakuwa nyuma sana ya mwenzake mwenye kuona. Kila kifundo kilikuwa na mahali pake pasipobadilika, na kidole kikishapazoea hakikupotea tena. Utepe uliweza kusogezwa kwa mkono mbele na nyuma hadi sikio litambue mwanzo wa neno, kisha ukakatwa kwa wembe na kuunganishwa. Kazi yote ilikuwa ya masikio na mikono. Kompyuta ilipoingia katika vyumba vya kurekodia, kazi hiyo ilihamia kwenye skrini, na fundi asiyeona akajikuta nje ya mlango wa kazi aliyoimudu.

Hata hivyo mlango huo haukufungwa moja kwa moja. Kompyuta za mwanzo zilionyesha maandishi matupu, na maandishi yaweza kusomwa na programu yenye kutoa sauti. Programu ya JAWS, kwa mfano, ilianza mwaka 1989 kwa kompyuta za namna hiyo. Lakini kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, na nyingine zilizofuata nyayo zake, zilieneza skrini ya picha inayoendeshwa kwa kipanya. Katika skrini ya namna hii kitufe ni mchoro tu, na programu ya kusoma skrini haiwezi kuutaja mchoro usiojitambulisha. Ilibidi zitungwe njia za kuviwezesha vitufe kutoa majina yao. Microsoft ilitoa njia yake mwaka 1997. Apple iliingiza kisomaji kiitwacho VoiceOver ndani ya mfumo wake mwaka 2005. Mwaka 2006, nchini Australia, ilianza kazi ya kuunda NVDA, kisomaji cha Windows kinachotolewa bila malipo.

Wakati huohuo umbo la kompyuta lilizidi kupungua. Mac mini ya mwaka 2005 ilikuwa kisanduku chenye upana wa sentimita 16.5 kila upande. Ile ya mwaka 2024 ina sentimita 12.7. Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, haizidi sana ukubwa wa kadi ya benki. Kisanduku cha namna hii huuzwa bila skrini na bila betri, na mara nyingi bila kibodi pia.

Mwalimu mwenye wanafunzi wasioona, au msimamizi wa kituo kidogo cha redio, aweza kuwa na fedha za kununua mashine moja tu. Akichagua vibaya, hasara haiishii kwenye fedha. Mwanafunzi ambaye angeweza kurekodi, kukata na kusawazisha sauti kwa mkono wake mwenyewe atalazimika kukaa kando na kumwambia mwenzake la kufanya. Kwa hiyo swali la kufaa au kutofaa kwa kisanduku hiki ni swali la nani atakayefanya kazi na nani atakayeisikia ikifanywa.

Sauti inapogeuzwa kuwa hesabu

Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtetemo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka, na kifaa cha kuingizia sauti huupima umeme huo mara nyingi katika kila sekunde. Kila kipimo huitwa sampuli. Sikio la mtu huweza kusikia mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, na hesabu iliyoanzishwa na Harry Nyquist mwaka 1928 yaonyesha kwamba idadi ya vipimo haina budi kuzidi maradufu ya mitetemo hiyo. Ndiyo sababu santuri ya CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, na kazi za redio na filamu hutumia mara nyingi 48,000.

Je, mzigo huu ni mkubwa kwa kompyuta ndogo? Mwanafunzi aweza kupiga hesabu mwenyewe. Tuseme kwaya inarekodiwa kwa maikrofoni 16 kwa pamoja, sampuli 48,000 kwa sekunde, na kila sampuli ina biti 24. Zidisha 16 kwa 48,000 kwa 24: jibu ni biti 18,432,000 kwa sekunde. Njia ya USB ya toleo la pili, ambayo leo ni ya kizamani, imepangiwa kupitisha biti milioni 480 kwa sekunde. Basi kwaya nzima haifikii hata asilimia 4 ya uwezo huo. Kwa saa nzima rekodi hiyo hujaza takriban baiti bilioni 8.3, kiasi ambacho diski ya kawaida hukipokea bila taabu.

Ni dhahiri, basi, kwamba udogo wa kisanduku si kizuizi cha kupokea wala kuhifadhi sauti. Ugumu unapatikana katika wakati.

Ucheleweshaji

Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja. Huzikusanya kwanza katika ghala dogo la muda, liitwalo bafa, kisha huzichakata kwa mkupuo. Bafa yenye sampuli 256, kwa kasi ya 48,000, hujaa kwa milisekunde 5.3. Katika muda huo sauti husafiri hewani kama mita 1.8, kwa kuwa mwendo wake ni karibu mita 343 kwa sekunde. Mwimbaji anayejisikia kupitia kompyuta hiyo ni kama anayesikiliza spika iliyo hatua mbili kutoka kwake. Bafa ikiwa ya sampuli 1,024, ucheleweshaji hufika milisekunde 21.3, sawa na spika iliyo umbali wa mita 7.3. Isitoshe, hesabu hiyo ni ya njia moja. Sauti ikiingia na kutoka, muda huwa angalau maradufu, na mwimbaji huanza kuvutwa nyuma na sauti yake mwenyewe.

Dawa ni kupunguza bafa. Lakini bafa ikiwa ndogo, prosesa hupewa muda mfupi wa kumaliza kila mkupuo. Ikichelewa mara moja tu, pengo hutokea, na sikio husikia mkwaruzo. Hapo ndipo tofauti kati ya kisanduku chenye prosesa imara na kile dhaifu hujitokeza.

Kwa mtumiaji asiyeona kuna ucheleweshaji wa pili. Anapobonyeza kibodi, hana budi kusubiri kisomaji kitaje kilichotokea. Mtu mwenye uzoefu hubonyeza mara nyingi mno kwa saa moja, na robo ya sekunde ikiongezwa kwa kila mbonyezo humchosha kama mzigo wa mgongoni. Ndiyo maana wengi hupendelea sauti za kubuniwa kwa kanuni, kama zile za eSpeak NG, ambazo hazifanani sana na sauti ya mtu lakini huitika mara moja na husikika vyema hata zikiharakishwa sana. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha za eSpeak NG, tena ni lugha iliyo nyepesi kwa njia hiyo: maneno husomwa kama yalivyoandikwa, na mkazo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kompyuta haihitaji nguvu nyingi kuyatamka.

Sauti mbili, sikio moja

Jambo lililo kiini cha suala hili ni kwamba, kwa mtumiaji asiyeona, sauti ya kompyuta ndiyo skrini yake. Fundi mwenye kuona husikiliza muziki kwa masikio na kusoma vipimo kwa macho. Asiyeona hupokea vyote viwili kwa mlango mmoja. Kwa hiyo mashine yake inapaswa kubeba sauti mbili kwa wakati mmoja: ile inayofanyiwa kazi, na ile inayomweleza kazi imefika wapi.

Hapa hutokea tatizo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Ili kupunguza ucheleweshaji, programu nyingi za kurekodi katika Windows hutumia mfumo wa ASIO, uliotungwa na kampuni ya Steinberg. Mfumo huu huzungumza na kifaa cha sauti moja kwa moja, na kwa baadhi ya vifaa hukishika kifaa kizima pasipo kuruhusu programu nyingine kukitumia. Kisomaji cha skrini kikiwa kinategemea kifaa hichohicho, hunyamaza papo hapo. Mtu mwenye kuona asingeona kasoro yoyote, kwani skrini yake ingali inawaka. Asiyeona huwa kama mtu aliyezimiwa taa katikati ya kazi, na hata njia ya kuiwasha haisikiki.

Utatuzi ni rahisi, mradi ujulikane mapema. Kompyuta iwe na njia mbili za kutolea sauti. Muziki upite katika kifaa cha nje kilichounganishwa kwa USB. Maneno ya kisomaji yapite katika tundu la hedifoni la kompyuta yenyewe, au katika kifaa kidogo cha pili. Katika NVDA mtumiaji huchagua mwenyewe kifaa ambacho maneno yatapitia. Kwa kufanya hivyo hupatikana faida nyingine iliyo kubwa zaidi: maneno ya kisomaji hayawezi kuchanganyika na matangazo yanayorushwa hewani. Inafaa pia hedifoni ziwe za kuziba masikio, ili maneno yasivuje na kuingia katika maikrofoni.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza kasi ya prosesa, mnunuzi ahesabu matundu. Si kila kisanduku kina tundu la hedifoni. Raspberry Pi 4 inalo, lakini Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 haina. Aidha, vifaa vya nje huchukua umeme kutoka kwenye USB, na kwa toleo la pili la USB kila tundu limepangiwa wati 2.5 tu. Kifaa kinacholisha maikrofoni za volti 48 chaweza kuhitaji chanzo chake cha umeme.

Kelele, joto na umeme

Kisanduku kidogo kina nafasi ndogo ya hewa. Prosesa inapofanya kazi kwa muda mrefu hupata joto, na ikifikia kiwango fulani hujipunguzia kasi ili isiungue. Jambo hili halionekani katika jaribio la dakika tano dukani. Hujitokeza saa ya pili ya kurekodi, katika chumba chenye joto la pwani, kwa njia ya mikwaruzo isiyojulikana inakotoka. Visanduku vingine hujiokoa kwa kuzungusha feni kwa nguvu, na maikrofoni huinasa kelele hiyo.

Hata hivyo mtumiaji asiyeona ana nafasi nzuri hapa kuliko mwenzake. Kwa kuwa hahitaji skrini, halazimiki kukaa karibu na kompyuta. Kisanduku chaweza kuwekwa mbali na maikrofoni, au hata nje ya chumba, kwa waya mrefu wa kutosha. Kanuni ya fizikia ni kwamba mahali pa wazi, kila umbali unapoongezwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Ndani ya chumba kuta huirudisha sauti, hivyo upungufu ni mdogo zaidi, lakini bado ni wa maana.

Kuhusu umeme, kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea. Dawa yake ni kifaa cha akiba ya umeme, na hapa udogo ni faida. Mac mini ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1 haizidi wati 39 kwa kipimo cha mtengenezaji. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, iliyo ya kawaida katika vifaa vidogo vya akiba, ina wati-saa 84. Hata tukikadiria kwamba nusu ya umeme huo hupotea au haitumiki, bado kompyuta hiyo hupata muda wa kama saa nzima. Skrini isipokuwapo, hakuna cha kuila akiba hiyo zaidi ya kifaa cha sauti.

Pale mashine inapokuwa bubu

Kufanya kazi bila skrini kuna mitego yake. Baadhi ya visanduku, visipounganishwa na skrini yoyote, hupunguza kazi ya sehemu ya picha, na mfumo mzima huanza kusuasua, kisomaji kikiwemo. Watumiaji wengi hutibu hali hiyo kwa kuchomeka kizibo kidogo cha HDMI kinachoidanganya kompyuta kwamba skrini ipo.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi. Kabla mfumo wa uendeshaji haujaanza, kompyuta nyingi huwa na ukurasa wa mipangilio ya msingi, na kwa kawaida ukurasa huo hausemi. Mpangilio wa kuiwezesha mashine kujiwasha umeme unaporudi mara nyingi umo humo. Ni vema mwalimu aupange siku ya kwanza kwa msaada wa mtu mwenye kuona. Mfumo ukishaanza, mambo ni mepesi: katika Windows, kubonyeza pamoja vitufe vya Windows, Control na Enter huwasha kisomaji kiitwacho Narrator, na katika Mac, Command pamoja na F5 huwasha VoiceOver. Mwanafunzi aweza kuianza mashine mpya bila kuomba jicho la mtu.

Mtego wa tatu upo katika vifundo. Vipo vifaa vya sauti vyenye vifundo halisi, na vipo vinavyoendeshwa kwa kugusa kioo laini. Hivyo vya pili, hata vikiwa bora kwa sauti, humwacha asiyeona bila pa kushika. Urahisi wa vifundo vya tepurekoda hauna sababu ya kutupwa. Kifaa chenye kifundo kimoja kwa kila maikrofoni, kisichobadilisha kazi yake, bado ndicho mwalimu bora wa kidole.

Programu ndiyo inayoamua

Baada ya yote hayo, kisanduku kizuri chenye programu isiyojieleza hakina faida. Kisomaji kikifika kwenye kitufe kisicho na jina, hutamka “kitufe”, na kwenye kinachofuata “kitufe”, na cha tatu vilevile. Programu ya REAPER imependwa na mafundi wengi wasioona kwa sababu karibu kila kazi yake yaweza kufanywa kwa kibodi, na kwa sababu ina nyongeza ya bure iitwayo OSARA, inayokieleza kisomaji kila kinachotendeka: mstari uliochaguliwa, mahali sauti ilipokatwa, na hata kiwango cha sauti kilipovuka kipimo. Hilo la mwisho ni muhimu, kwani mshale wa kipimo ndicho kitu fundi mwenye kuona hukitupia jicho kila mara.

Lakini nyongeza hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Windows na Mac. Raspberry Pi hutumia mfumo wa Linux, wenye kisomaji chake kiitwacho Orca. Inafaa kwa kujifunza kuandika, kusoma na kutunga programu, lakini fundi wa sauti asiyeona ataikosa OSARA humo. Kwa hiyo bei ndogo ya kisanduku isimpumbaze mnunuzi. Fedha zilizookolewa dukani zaweza kulipwa kwa muda wa mwanafunzi.

Kumbukumbu nayo iangaliwe kabla ya kununua. Katika baadhi ya visanduku huongezwa baadaye kwa bisibisi. Katika Mac mini za tangu mwaka 2020 imeunganishwa na prosesa, na haiongezwi tena.

Hitimisho

Kompyuta ndogo ya mezani, basi, yafaa kwa kazi ya sauti, na yaweza kumfaa asiyeona kuliko mashine kubwa, ikiwa masharti manne yametimizwa: njia mbili za kutolea sauti, prosesa isiyolegezwa na joto, vifundo vya kushikika, na programu yenye kujieleza kwa kisomaji. Anayehitaji kurekodi leo sokoni na kesho kijijini atafaidika zaidi na kompyuta ya mapajani, kwa kuwa ina betri yake.

Jaribio la kutambua kama masharti hayo yametimizwa ni jepesi, na lafaa kufanywa darasani hata na wanafunzi wenye kuona. Skrini izimwe na kipanya kiondolewe. Mwanafunzi aiwashe mashine, arekodi sentensi tatu, aiondoe ile ya kati, ahifadhi kazi yake, kisha aisikilizishe darasa. Akimaliza bila kuomba msaada, mashine hiyo inafaa. Akikwama, mwalimu aandike ni hatua ipi iliyomkwamisha, na karatasi hiyo aende nayo dukani.